Wapoland wa Kondoa na deni la nchi tajiri kwa wakimbizi

Mwishoni mwa Juni 2012, watu walikutwa wametelekezwa kwenye pori la kijiji cha Chitego, wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma. Waliokuwa hai walikuwa hoi. Zaidi ya 40 walikuwa wameshakufa. Walikuwa Waethiopia waliofungiwa ndani ya lori wakisafirishwa kuelekea kusini, na kwa maelezo ya Naibu Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Pereira Silima, dereva alipogundua kwamba baadhi ya abiria wake wamekufa, aliwashusha wote hapo, wazima na maiti, akaondoka. Machi 2020, maiti 64 za Waethiopia zilikutwa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Miaka minane imepita kati ya tukio moja na jingine, na biashara ilikuwa ileile.

Dodoma iko katikati ya nchi, mbali na kila mpaka, na wengi wetu huku tumezoea kuyaona mambo ya wakimbizi kuwa ya Kigoma na Kagera. Lakini barabara kuu inayotoka kaskazini kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapa, na kila baada ya muda tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba wahamiaji haramu wamekamatwa wakiwa wamefichwa nyuma ya shehena. Habari huishia hapo: idadi yao, jina la kamanda, watafikishwa mahakamani upelelezi ukikamilika. Nini kiliwatoa kwao, nani alifaidika na vurugu zilizoivuruga kanda nzima, nani analipa gharama ya kuwapokea wanaofika, hayo hayasemwi. Nataka kuyafumua hapa, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba nchi tajiri zina deni katika jambo hili, deni linaloweza kuandikwa kwa tarakimu, na kwamba ushahidi wake uko karibu na sisi wa mikoa ya kati kuliko tunavyodhani.

Vita huanzia shambani

Wagogo wana jina la njaa iliyowapiga kuanzia 1917 hadi 1920: Mtunya. Ilikuja mgongoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakigombea ardhi hii. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wakakamatwa kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Waliobaki vijijini, wengi wao wanawake, wazee na watoto, hawakuwa na mikono ya kutosha kulima wala mifugo ya kubadilishana na chakula, na mvua ilipogoma ghala zilikuwa tupu. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa Ugogo, na wengine wengi walitawanyika kwenda kutafuta chakula kwa makabila jirani. Hawa hawakukimbia risasi. Mstari wa mapigano ulikuwa umeshahamia kusini walipoanza kuondoka.

Nimeanza na Mtunya kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua jinsi vurugu zinavyohamisha watu. Tukitajiwa mkimbizi, tunamwona mtu anayekimbia na godoro kichwani huku bunduki zikilia nyuma yake. Wapo wa namna hiyo: mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, vurugu hufanya kazi polepole. Hapa Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili. Mtu akifukuzwa shambani kwa wiki tatu za kupanda, amepoteza chakula cha mwaka mzima hata kama nyumba yake haikuguswa. Mnada ukifungwa, ng'ombe hana bei. Barabara ikiwekwa vizuizi na wenye silaha, kila gunia linalopita linatozwa. Shule ikigeuzwa kambi ya wapiganaji, kijana wa miaka 14 anabaki nyumbani, na wapiganaji haohao wanamtaka. Mzazi anapiga hesabu, anauza kilichobaki, anamwambia mwanawe aende. Siku kijana huyo anapofika mpakani hakuna anayemkimbiza. Afisa anamwuliza amekimbia nini, na jibu lake ni refu kuliko nafasi iliyoachwa kwenye fomu.

Safari yenyewe nayo ina hatua zake. Kwanza mtu husogea hadi kijiji cha pili, kwa shangazi au kwenye uwanja wa kanisa, akitumaini kurudi kabla magugu hayajameza shamba. Ndiyo maana kati ya watu milioni 123.2 waliokuwa wamelazimika kuyahama makazi yao duniani mwishoni mwa 2024, kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, milioni 73.5 walikuwa bado ndani ya nchi zao. Hali ikizidi kuwa mbaya, anavuka mpaka ulio karibu: asilimia 67 ya waliovuka mipaka wako nchi jirani na kwao, na asilimia 73 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaofika Ulaya au Marekani ni wachache, na kwa kawaida si wale maskini kuliko wote, kwa sababu safari hiyo inakula fedha: dalali wa huku, dalali wa kule, dereva, wa kuhonga kwenye kila kizuizi. Asiye na kitu huishia kambini Kasulu au Kibondo.

Wanaopita Dodoma nao wanastahili kuelezwa kwa haki. Waethiopia wengi wanaoshika njia hii ya kusini hutoka maeneo ya Hadiya na Kambata, ambako ardhi imegawanywa hadi ikawa vipande visivyolisha familia, na ndugu waliotangulia Afrika Kusini hutuma fedha nyumbani. Wengi wanatafuta kazi, na haitakuwa sahihi kuwaita wote wakimbizi wa vita. Lakini Ethiopia hiyohiyo ilipigana vita ya Tigray kuanzia Novemba 2020 hadi Novemba 2022, na mapigano ya Oromia na Amhara yakaendelea baada ya hapo. Ndani ya lori hakuna chumba cha wanaokimbia vita na chumba cha wanaotafuta ajira. Wote wanagombea hewa ileile.

Sheria inamfunga aliye karibu

Msingi wa sheria ya kimataifa ya wakimbizi ni mkataba wa 1951. Kanuni yake kuu, kwenye ibara ya 33, inakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mwanzoni mkataba huo uliwahusu watu walioathiriwa na matukio ya kabla ya Januari 1951, na nchi zilizosaini ziliruhusiwa kuubana zaidi ili uhusu matukio ya Ulaya tu. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa kizuizi hicho cha muda.

Afrika ilikwenda mbele zaidi. Septemba 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake mjini Addis Ababa, ukasema mkimbizi ni pia mtu aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, ukaliaji, utawala wa kigeni au matukio yaliyovuruga vibaya utulivu wa umma. Kwa mkataba huu, mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, halazimiki kuthibitisha kwamba alitafutwa yeye binafsi. Inatosha kwamba mji wake hauishiki. Ni sheria ya kiutu kuliko ile ya 1951, na iliandikwa na nchi ambazo nyingi zilikuwa hazijatimiza hata miaka kumi ya uhuru.

Pengo liko wapi? Mkimbizi akifika mlangoni kwako, sheria inakukataza kumfukuza. Ukiwa mbali na mlango huo, hakuna kifungu kinachokudai chochote. Utangulizi wa mkataba wa 1951 unakiri kwamba kutoa hifadhi kunaweza kuzielemea mno baadhi ya nchi, na kwamba suluhisho halipatikani bila ushirikiano wa kimataifa, lakini umeishia kwenye kukiri. Mkataba wa Kimataifa kuhusu Wakimbizi wa Desemba 2018 ulijaribu kuziba pengo hilo, na wenyewe unasema haufungi nchi yoyote kisheria. Matokeo yake, mzigo hugawanywa na ramani. Tanzania inapakana na nchi nane. Chad, moja ya nchi maskini kuliko zote duniani, imepokea mamia ya maelfu ya Wasudani tangu vita ya Khartoum ilipolipuka Aprili 2023, kwa sababu moja tu: Darfur iko ng'ambo ya mpaka wake.

Nchi tajiri zimelielewa pengo hili vizuri sana, na zimetumia fedha nyingi kulipanua. Shirika la ndege likimbeba abiria asiye na viza, linatozwa faini. Kwa hiyo anayekimbia hawezi kupanda ndege, hata akiwa na nauli, na anaishia kwenye mtumbwi au kwenye lori. Machi 2016 Umoja wa Ulaya uliafikiana na Uturuki izuie wanaovuka kwenda Ugiriki, kwa ahadi iliyofikia yuro bilioni sita. Aprili 2022 Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda wanaoomba hifadhi kwake. Mahakama yake ya Juu ikaukataa Novemba 2023, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024. Rwanda ilikuwa imeshalipwa pauni milioni 290, na waliopelekwa walikuwa watu wanne, tena waliokubali wenyewe.

Kilichofanyika Kondoa

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa watu wenye nia njema: kwamba kugawana wakimbizi duniani ni ndoto, nchi hazitakubali. Ningependa anayesema hivyo aje Kondoa.

Septemba 1939, Ujerumani ya Hitler iliivamia Poland kutoka magharibi, na baada ya siku 16 Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waliwakamata Wapoland kwa malaki, familia kwa familia, wakawapeleka kwenye kambi za kazi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipowageuka Wasovieti 1941, waliobaki hai waliachiliwa, na mwaka uliofuata makumi ya maelfu wakavuka kuingia Iran. Kutoka huko, wanawake, watoto na wazee walisambazwa sehemu mbalimbali za dunia, zikiwemo makoloni ya Uingereza Afrika. Tanganyika ilipokea maelfu. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda na Kidugala, nyanda za juu kusini. Na moja ilikuwa Kondoa, huku kwetu, ambako mamia ya Wapoland waliishi katika nchi ya Warangi.

Warangi hawakuulizwa kama wanawataka wageni hao. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na mtu mweupe, hata akiwa mkimbizi, alihesabiwa juu ya mwenyeji. Hilo halifutiki, na sitaki kuipamba historia hiyo. Lakini tazama jinsi mambo yalivyoendeshwa. Gharama za kambi hazikuachiwa wenyeji: zilibebwa na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London kwa kuungwa mkono na Uingereza, kisha na mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoundwa kwa kazi hiyo. Vita ilipokwisha, wengi walikataa kurudi, kwa kuwa nchi yao ilikuwa mikononi mwa utawala uliowatesa na vijiji vyao vya mashariki vilikuwa vimemegwa vikawa vya Wasovieti. Hawakulazimishwa kufungasha kwa hoja kwamba vita imekwisha. Uingereza ilitunga sheria ya kuwapokea Wapoland mwaka 1947, wengine wakapelekwa Kanada na Australia, na Shirika la Kimataifa la Wakimbizi la wakati huo liliwahamishia zaidi ya watu milioni moja wa Ulaya katika nchi mpya kati ya 1947 na 1952. Kambi za Tanganyika zikafungwa kwa sababu watu walikuwa wamepata pa kwenda.

Mwaka 1956 ilikuwa zamu ya Wahungaria. Wapatao 200,000 walikimbilia Austria na Yugoslavia baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Budapest, na karibu 180,000 kati yao wakagawanywa katika nchi 37, wengi wao ndani ya miezi michache. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine Februari, Umoja wa Ulaya uliamsha Machi 4 utaratibu wa hifadhi ya muda uliokuwa umekaa kwenye makabati tangu 2001, na zaidi ya watu milioni nne wakapata haki ya kuishi, kufanya kazi na kusomesha watoto bila kupitia foleni ya maombi ya mtu mmojammoja. Utaratibu huo ulikuwapo pia 2015, Wasiria walipokuwa wakizama baharini. Haukuguswa.

Kwa hiyo uwezo upo, sheria zipo, uzoefu upo, na umri wake ni zaidi ya miaka 75. Anayesema haiwezekani anapaswa kueleza kwa nini iliwezekana kwa mtoto wa Kipoland aliyekuwa Kondoa na haiwezekani kwa mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu. Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao, na wote wanahesabiwa bado kuwa wako kwa muda.

Mafungu ya deni

Wenye kuchinja ni wale walioshika panga, na hilo lazima lisemwe kwanza. Mauaji ya Burundi ya 1972, yaliyoleta mikoani Tabora na Rukwa ya wakati huo wakimbizi waliowekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, yalifanywa na serikali na jeshi la Burundi. Vurugu za 2015 zilitokana na uamuzi wa Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Huwezi kuisukumia Brussels kila bunduki iliyofyatuliwa Bujumbura. Ndiyo maana napendelea kuyatenganisha mafungu ya deni, kwa sababu hayana uzito sawa kila mahali.

Fungu la kwanza ni la mkono uliochochea moto. Hapa Kongo inasimama peke yake. Patrice Lumumba aliuawa Januari 17, 1961, na mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilihitimisha kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji na Wabelgiji wengine wana dhamana ya kimaadili katika kifo hicho. Kilichofuata ni Mobutu, aliyelindwa na nchi za Magharibi kwa miongo mitatu huku akiifilisi dola. Nchi aliyoiacha 1997 haikuwa na jeshi la kulinda raia wala utawala wa kufika Masisi, huko mashariki.

Fungu la pili ni la faida, na hili halihusu historia; linaendelea leo asubuhi. Mji mdogo wa Rubaya, Kivu Kaskazini, unatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayotoa tantalumu ya kutengenezea vidude vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Waasi wa M23 waliuteka mji huo 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba wanakusanya angalau dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza ushuru madini hayo, ambayo husafirishwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Rwanda inakanusha kuwaunga mkono M23. Februari 2024, Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda makubaliano ya ushirikiano kwenye madini muhimu. Mwaka mmoja baadaye, Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zikaangukia mikononi mwa M23, na kambi zilizoizunguka Goma, zilizokuwa na mamia ya maelfu ya watu, zikavunjwa. Ulaya ina kanuni yake kuhusu madini ya maeneo ya vita, inayofanya kazi tangu Januari 2021. Marekani ina yake ya 2010. Sheria zimeandikwa, simu zinauzwa, na familia zinalala nje.

Nisiwaonyeshe kidole Wazungu peke yao. Utajiri wa leo una anwani nyingi. Falme za Kiarabu zimetajwa na wachunguzi kuhusu silaha zinazoingia Darfur, ambako Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha tangu 2004; nazo zinakanusha. Dhahabu ya Sudan kwa sehemu kubwa huishia Dubai. Deni la faida linamfuata anayenunua, awe Antwerp au Dubai.

Fungu la tatu ni la uwezo tu, na hili linabaki hata pale ambapo mkono wa nchi tajiri hauonekani. Burundi ya 2015 inaingia hapa. Huna kosa, lakini jirani yako maskini ameshika mzigo ambao wewe ungeubeba kwa urahisi, na wewe mwenyewe umesaini kwamba mzigo huo ni wa wote.

Mzigo huo unaonekanaje? Kiwango cha kawaida cha mgao wa chakula kwa mkimbizi ni kilokalori 2,100 kwa siku: unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta, chumvi. Katikati ya 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoishiwa fedha, mgao katika kambi za Nyarugusu na Nduta ulishuka hadi nusu. Nusu ni kilokalori 1,050, yaani mlo mmoja wa ugali na maharage, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka kesho. Mtu mzima hawezi kwenda kulima vibarua nje ya kambi kufidia upungufu huo, kwa sababu sheria haimruhusu kutoka bila kibali. Kwa hiyo anauza sehemu ya unga apate sabuni au kuni, na mlo ule mmoja unapungua tena.

Mwaka huohuo wa 2023, Uingereza ilitumia pauni bilioni 4.3, asilimia 28 ya bajeti yake yote ya misaada ya nje, kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi waliokuwa ndani ya Uingereza yenyewe, hotelini kwa sehemu kubwa. Kanuni za nchi wafadhili zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza za mkimbizi ndani ya nchi tajiri zihesabiwe kuwa misaada kwa nchi maskini. Kuwahudumia watu hao ni wajibu, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba fedha hizo zilitolewa kwenye fungu lilelile ambalo lingefika Kasulu, na bado kwenye taarifa zikaandikwa kuwa zimetusaidia sisi.

Mlango wa kuhamia nchi ya tatu, yaani nchi isiyo ya kwao wala ile waliyokimbilia kwanza, nao umebanwa. Wakongo wengi wa Nyarugusu walipata njia ya kwenda Marekani, ambayo kwa mwaka wa fedha wa 2024 ilipokea wakimbizi wapatao 100,000 kutoka duniani kote. Januari 20, 2025 mpango huo ulisimamishwa, na kikomo cha mwaka wa fedha wa 2026 kikawekwa kuwa watu 7,500. Wako watu waliokuwa wameshahojiwa, wameshapimwa afya, wameshagawa vyombo vyao kwa majirani.

Sisi tuna lipi la kusema

Tanzania ina haki ya kuzungumza. Kongwa hiihii ya Chitego ndiyo iliyowalea wapiganaji wa ukombozi kuanzia 1964: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine, kwenye eneo lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza uliofeli. Makaburi ya baadhi yao yako huko. Nyerere alipewa Nishani ya Nansen ya 1983, tuzo ya UNHCR, kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi, na baadaye Warundi wa 1972 wapatao 162,000 wakapewa uraia tajnisi, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijawahi kulifanya kwa kiwango hicho kwa mara moja.

Lakini anayedai deni lazima mikono yake iwe safi, na yetu imechafuka mahali. Desemba 1996 Wanyarwanda wapatao nusu milioni walirudishwa kwao, wengi kwa kusukumwa na askari. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwafungia watu kambini. Mapema 2018 tulijitoa kwenye utaratibu wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi katika maisha ya wenyeji, tukitaja usalama na ukosefu wa fedha, na katika miaka hiyohiyo masoko ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji yakafungwa. Watu wa Kasulu na Kibondo waliokuwa wakiuza mihogo na ndizi humo walipoteza kipato siku moja na wakimbizi. Mwaka 2021 UNHCR ililalamika kwamba maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya Cabo Delgado walirudishwa Msumbiji kutoka mpakani Mtwara.

Wapo wanaosema tulichoka, na uchovu huo ulikuwa na sababu: ombi la fedha kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi limekuwa likibaki na pengo kubwa mwaka hadi mwaka. Naelewa. Ila mkimbizi wa Nduta hakuwa mdeni wetu. Tulimkamua yeye kwa sababu mdeni halisi alikuwa mbali na hashikiki.

Ndiyo maana nadhani madai yapelekwe kunakohusika, na yapelekwe kwa tarakimu. Fedha za kuwahudumia wakimbizi walio katika nchi walizokimbilia kwanza ziwe mchango wa lazima unaopangwa kwa ukubwa wa uchumi wa kila nchi, kama zinavyopangwa za majeshi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Zitolewe kama ruzuku. Nchi maskini isikope ili kumlisha jirani yake aliyekimbia vita. Nafasi za kuhamia nchi ya tatu ziwe na idadi ya chini isiyofutwa kila rais mpya anapoingia Ikulu ya Washington. Koltani na dhahabu zikaguliwe kwenye viwanda vya kuyeyushia, ambavyo ni vichache na vinajulikana, badala ya kumwachia mchimbaji wa Rubaya kazi ya kuthibitisha usafi wake. Na kijana wa Hosaena, mji wa Hadiya, anayetaka kufanya kazi Johannesburg apewe viza ya kazi anayoweza kuilipia ubalozini, kwa bei iliyo chini ya ile ya dalali.

Kwa upande wetu, Wizara ya Mambo ya Ndani yenye idara ya wakimbizi ina ofisi zake hapa Mtumba, na bajeti yake inapitishwa na Bunge hapahapa Dodoma kila mwaka kabla ya Julai. Wabunge wa mikoa ya kati hawana kambi majimboni mwao, lakini wana Chitego, na wana Kondoa. Wanaweza kusimama wakaitaka serikali isome mezani mambo matatu: kila nchi mfadhili iliahidi kiasi gani kwa wakimbizi walioko Tanzania, ilileta kiasi gani, na ilipokea watu wangapi kutoka Nyarugusu na Nduta mwaka huo. Orodha hiyo isomwe kwa majina ya nchi, iingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kisha waziri wa mambo ya nje aende nayo Geneva, yaliko makao makuu ya UNHCR.